Samaki wenye miiba na sumu: jinsi ya kujikinga baharini na cha kufanya ukichomwa

Kwa wakazi wa pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara na visiwani Unguja, Pemba na Mafia, bahari ni shamba. Maji yakitoka wakati wa bamvua, kina mama na vijana hushuka mwambani kuchokoa pweza, wakulima wa mwani huenda kukagua kamba zao, na wavuvi hukokota nyavu au hukagua madema. Wengi huenda pekupeku, au na kandambili tu. Katika maji hayo hayo wanaishi samaki ambao mwiba wao mmoja unaweza kumlaza mtu mzima kwa wiki kadhaa. Yuko pia samaki mmoja ambaye akiingia chunguni anaweza kuua familia nzima.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba karibu samaki wote hawa hawamwindi mtu. Hujificha, na huchoma pale tu wanapokanyagwa, wanaposhikwa au wanapobanwa kwenye wavu. Kwa sababu hiyo ajali nyingi hutokea kwa njia tatu: mguu uliokanyaga bila kuangalia, mkono ulioshika bila kuona, na chungu kilichopikwa bila kumtambua samaki. Njia zote tatu zinazuilika. Makala hii inaeleza jinsi ya kuzizuia, na huduma ya kwanza ambayo kila nyumba ya pwani inaweza kuitoa.

Mguu: samaki jiwe na taa

Samaki jiwe ndiye anayehesabiwa kuwa na sumu kali kuliko samaki wote wenye miiba duniani. Anapatikana katika bahari nzima ya joto kuanzia Bahari ya Shamu na pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki. Ana urefu wa kama sentimita 30, ngozi yake ina mabakamabaka na vinundu, na mara nyingi huota majani ya bahari mwilini. Akitulia penye mawe au matumbawe, hata mvuvi mzoefu anaweza kumpita bila kumwona. Mgongoni ana miiba kama 13, na kila mwiba una vifuko vya sumu. Anapokanyagwa, miiba husimama, uzito wa mtu huminya vifuko, na sumu huingia ndani ya nyama ya mguu.

Kandambili na viatu vyembamba vya plastiki havitoshi, kwa kuwa mwiba wake unaweza kupenya soli laini. Tena, samaki jiwe anaweza kuishi nje ya maji kwa saa nyingi. Maji yakikupwa, huenda akabaki kwenye kidimbwi kidogo au chini ya jiwe bichi, akiwa hai na mwenye uwezo kamili wa kuchoma.

Taa ni tofauti. Yeye hukaa kwenye mchanga na tope, hasa maji ya kina kifupi, akiwa amejifukia na kuacha macho tu. Mwiba wake uko juu ya mkia, una meno kama msumeno yaliyoelekea nyuma, na umefunikwa na ngozi yenye sumu. Akikanyagwa hurusha mkia kwa nguvu na kumpiga mtu kwenye kifundo cha mguu au kwenye muundi. Jeraha lake huwa baya kwa namna mbili: sumu huleta maumivu makali, na meno ya mwiba huchana nyama wakati unatoka. Vipande vya mwiba vinaweza kukatikia ndani.

Kwa kuwa samaki hawa wawili hukaa mahali tofauti, namna ya kutembea nayo ni tofauti.

Kwenye mchanga, usinyanyue miguu. Iburuze polepole, ukisukuma mchanga mbele yako. Taa akihisi mtikisiko au akiguswa ubavuni huondoka zake. Hatari ipo pale unapomkanyaga juu ya mgongo.

Kwenye mwamba na mawe, usiburuze miguu, kwani unaweza kuisukuma moja kwa moja kwenye miiba ya samaki jiwe. Tembea na mti mrefu, gusagusa mbele kabla ya kuweka mguu, na kanyaga pale unapopaona vizuri. Maji yakiwa na tope au upepo ukiwa umeyachafua, subiri au geuza njia.

Pande zote mbili, vaa kiatu chenye soli nene na ngumu. Katambuga za tairi zilizofungwa vizuri, au raba nzee zenye soli nzima, ni bora kuliko kwenda pekupeku. Kiatu hakiondoi hatari yote, lakini huipunguza sana, na hukinga pia miiba mingine na matumbawe yenye makali.

Mkono: nyavu, madema na mashimo ya pweza

Wavuvi wengi hawachomwi wakitembea. Huchomwa wakitoa samaki kwenye nyavu au kwenye dema, hasa usiku na wakiwa wamechoka.

Tafi, ambaye sehemu nyingine huitwa tasi au chafi, ni samaki mtamu na wa kawaida sokoni. Hata hivyo ana miiba mgongoni, tumboni na karibu na mkia, na yote ina sumu. Sumu yake haiui, lakini maumivu yake ni makali. Mshike kwa kitambaa kizito, na uanzie upande wa kichwa ukielekea mkiani ili miiba ilale.

Samaki simba ana mistari myekundu au ya kahawia na meupe, na mapezi marefu yaliyotanda kama manyoya ya jogoo. Uzuri wake huwavutia watoto. Miiba iliyofichika kwenye mapezi ya mgongoni na ya tumboni ina sumu. Nyama yake inalika baada ya kukata miiba yote, lakini kazi hiyo ifanywe kwa mkasi na glavu ngumu.

Hongwe na samaki wengine wa bahari wenye ndevu kama kambare wana miiba mitatu: mmoja mgongoni na miwili ubavuni, nyuma ya kichwa. Miiba hiyo husimama na kukazana kama msumari. Wapo wadogo weusi wenye mistari meupe ya kwenda urefu, ambao huogelea wakiwa wamesongamana kama mpira mmoja. Hao wana sumu kali zaidi. Waambie watoto wasiwachote kwa mikono wala kwa kanga.

Kangaja na puju wana vembe vikali kwenye shina la mkia. Hawa hukata kama kisu wakijipigapiga mkononi.

Mkunga naye hukaa kwenye mashimo ya mwamba, na chakula anachokipenda ni pweza. Kwa hiyo shimo ulilolidhania kuwa la pweza linaweza kuwa na mkunga ndani. Usiingize mkono hata siku moja. Tumia mti au nondo, na ukiona kichwa kinachofungua na kufunga mdomo, ondoka. Meno yake yamepinda kwa ndani, na anayevuta mkono kwa nguvu huchana nyama yake mwenyewe.

Kumbuka pia kwamba samaki aliyekufa bado anaweza kukuchoma. Sumu hubaki kwenye mwiba baada ya samaki kufa. Taa akiingia chomboni, ukate mwiba wake mapema ukiwa umemdhibiti mkia, na usiutupe ufukweni watoto wanakocheza.

Ukichomwa: maji ya moto ndiyo huduma ya kwanza

Sumu ya miiba ya samaki imejengwa kwa protini, na protini hizo huharibika kwa joto. Hii ndiyo sababu maji ya moto hupunguza maumivu ya samaki jiwe, taa, tafi, samaki simba na hongwe. Ni huduma inayotumika hata Australia, nchi yenye dawa maalumu ya kupambana na sumu ya samaki jiwe. Usitegemee kuikuta dawa hiyo kwenye zahanati ya kijiji chako. Maji ya moto unayo. Fuata hatua hizi:

1. Mtoe mtu majini kwanza. Maumivu yanaweza kumfanya azimie, na wengi wako mbali na ufuko huku maji yakianza kujaa. Piga kelele uitiwe msaada, wala usijikaze kurudi peke yako.

2. Mlaze au mkalishe. Angalia jeraha. Damu ikitoka kwa wingi, kandamiza kwa kitambaa safi mpaka ipungue.

3. Suuza jeraha kwa maji safi. Miiba midogo inayoonekana na iliyolegea unaweza kuitoa kwa kibano. Mwiba mkubwa ulioingia ndani uache.

4. Chovya mguu au mkono kwenye maji ya moto yanayovumilika, kama nyuzi joto 42 hadi 45 za Selsiasi. Kama huna kipimo, changanya kikombe kimoja cha maji yaliyotoka kuchemka na vikombe vinne vya maji ya kawaida. Kisha ongeza ya moto kidogo kidogo mpaka yawe ya moto sana lakini yanayovumilika.

5. Joto lipimwe na mtu mwingine, kwa kiwiko chake, au mgonjwa alipime kwa mkono usioumia. Kiungo kilichochomwa kinaweza kuwa na ganzi au maumivu mengi kiasi cha kutohisi kwamba kinaungua. Kwa watoto, wazee na wenye kisukari, uwe mwangalifu zaidi.

6. Endelea kwa dakika 30 hadi 90. Maji yakipoa, toa mguu kwanza, ongeza ya moto, pima tena, ndipo uurudishe. Maumivu yakirudi baada ya kutoa mguu, rudia.

7. Mpe dawa ya maumivu ya kawaida kama paracetamol, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

8. Mpeleke kituo cha afya hata kama amepata nafuu. Anaweza kuhitaji kutolewa vipande vya mwiba, kusafishwa jeraha na kupewa chanjo ya pepopunda.

Wavuvi wanaokaa baharini kwa saa nyingi wanaweza kubeba chupa ya chai iliyojaa maji ya moto. Mara nyingi itanyweka kama chai, na siku ya ajali itakuwa dawa.

Mambo ya kuepuka

Usifunge kamba juu ya jeraha. Kamba huzuia damu na inaweza kuua nyama ya mguu, na haiondoi sumu.

Usichanje kwa wembe wala kunyonya jeraha kwa mdomo. Utaongeza kidonda na vijidudu.

Usimwagie mafuta ya taa, maji ya betri, mkojo wala tumbaku. Hakuna kati ya hivyo kinachoharibu sumu, na baadhi vinachoma ngozi.

Usitie barafu. Kwa miiba ya samaki, joto ndilo linalosaidia.

Usimpe pombe ili asahau maumivu. Utashindwa kujua kama hali yake inabadilika.

Wakati wa kukimbilia hospitali bila kusubiri

Mpeleke mtu hospitali mara moja kama ameshindwa kupumua vizuri, amezimia, mapigo ya moyo yanakwenda ovyo, anatapika mfululizo, au amevimba uso na mdomo. Fanya hivyo pia kama aliyechomwa na samaki jiwe haoni nafuu baada ya kutumia maji ya moto, au kama ni mtoto mdogo.

Jeraha la taa kifuani, shingoni au tumboni ni dharura hata likionekana dogo. Tarehe 4 Septemba 2006 Steve Irwin, mtangazaji maarufu wa vipindi vya wanyama kutoka Australia, alifariki baada ya kuchomwa kifuani na taa alipokuwa akiogelea kwenye mwamba wa Batt Reef. Vifo vya namna hiyo ni vichache, na vinatokana na mwiba kufika kwenye viungo vya ndani. Mwiba ukiwa umenasa kifuani au tumboni, usiuchomoe. Uzungushie vitambaa usitikisike, na mgonjwa apelekwe hivyo hivyo. Huenda mwiba wenyewe ndio unaozuia damu.

Endelea kuangalia jeraha kwa siku zinazofuata. Likizidi kuwa jekundu, kuvimba, kutoa usaha, au mtu akipata homa, arudi kituoni. Maji ya bahari yana vijidudu vinavyoweza kuharibu mguu kwa haraka, hasa kwa wenye kisukari au ugonjwa wa ini.

Chungu: bunju

Bunju hachomi mtu kwa sumu. Sumu yake iko mwilini mwake: kwenye ini, mayai, utumbo, ngozi, na kwa baadhi ya aina hata kwenye nyama. Sumu hiyo haifi kwa kuchemsha, kukaanga, kukausha juani, kutia chumvi wala kugandisha. Moto unaosaidia kwa mwiba wa taa hausaidii chochote kwa bunju.

Watu wengi humtambua bunju anapojijaza maji au hewa akawa kama mpira. Tatizo ni kwamba akishakufa na kuchunwa hafanani na mpira tena. Wapo pia bunju warefu wenye rangi ya fedha ubavuni, ambao kwa mtu asiyewajua hufanana na samaki wa kawaida. Angalia mdomo: bunju ana meno manne mapana yaliyoungana, mawili juu na mawili chini, kama mdomo wa kasuku. Tena ngozi yake haina magamba ya kawaida. Samaki aliyekatwa kichwa na kuchunwa, ambaye muuzaji hawezi kukuambia ni nani, usimnunue.

Huko Japani bunju huliwa, lakini mpishi lazima awe amesomea kazi hiyo na kupewa leseni. Kwetu hakuna sababu ya kujaribu. Kumwonjesha paka kwanza si kipimo, kwani sumu hutofautiana kati ya samaki na samaki, na kati ya ini na nyama ya samaki yule yule. Mwaka 1774 baharia Mwingereza James Cook na wenzake walionja kidogo tu ini na mayai ya samaki wa aina hii katika kisiwa cha New Caledonia. Usiku waliamka wakiwa na ganzi na wamelegea viungo. Asubuhi nguruwe wao aliyekula matumbo ya samaki yule alikutwa amekufa.

Dalili huanza kwa ganzi na mnyweo kwenye midomo na ulimi, mara nyingi ndani ya saa moja, wakati mwingine baada ya saa chache. Hufuata ganzi ya uso na mikono, kutapika, kizunguzungu, ulimi kuwa mzito na miguu kulegea. Mwisho misuli ya kupumua hushindwa. Mtu anaweza kufa ndani ya saa chache akiwa bado anasikia yote yanayosemwa.

Hakuna dawa inayoifuta sumu hii. Kinachookoa ni kusaidiwa kupumua mpaka mwili uitoe wenyewe, na anayevuka saa 24 za kwanza kwa kawaida hupona. Kwa hiyo usipoteze muda kwa maziwa, dafu au mafuta. Mara tu mtu anaposema midomo imekufa ganzi baada ya kula samaki, waambie wote waliokula waache, na wapelekwe hospitali kubwa iliyo karibu, yenye mashine ya kusaidia kupumua. Anayetapika alazwe ubavu. Akiacha kupumua, mpulizie pumzi kwa mdomo na usiache mpaka mfike. Beba mabaki ya samaki au piga picha yake kwa simu.

Papa na samaki wanaoruka

Papa huogopwa kuliko wote, lakini huwafikia watu mara chache sana. Punguza hatari kwa kutoogelea alfajiri, magharibi na usiku, kwenye midomo ya mito yenye maji ya tope, au mahali wavuvi wanaposafishia samaki na kutupa matumbo. Mzamiaji asijifunge kiunoni samaki wanaovuja damu.

Wavuvi wa taa za karabai na za betri wana hatari nyingine. Samaki wembamba wenye mdomo mrefu kama sindano, wa jamii moja na chuchunge, huruka juu ya maji wakifuata mwanga, na wanaweza kumchoma mtu shingoni au machoni. Usikae kati ya taa na maji, na usiinamie maji ukiwa na tochi kichwani. Mdomo ukikatikia mwilini, usiuchomoe. Mpeleke mtu hospitali.

Kwa wasikilizaji wa maziwa na mito

Kwenye maji baridi, mamba na kiboko ni hatari kubwa kuliko samaki yeyote. Hata hivyo gogogo ana miiba mitatu migumu kama ya hongwe, na mtu akichomwa huduma ni ile ile ya maji ya moto na chanjo ya pepopunda. Katika Ziwa Tanganyika na mito ya Kongo na Naili yuko pia kambare wa umeme, ambaye mshtuko wake unaweza kufika volti 350. Kwa kawaida hauui, lakini unaweza kumwangusha mtu akazama. Usimshike kwa mkono uliolowa wala kwa kisu cha chuma.

Kabla ya kushuka majini

Usiende peke yako, na mwambie mtu wa nyumbani unakwenda upande gani na utarudi saa ngapi. Jua maji yataanza kujaa lini. Vaa kiatu cha soli nene na beba mti. Weka kwenye simu namba ya kituo cha afya na ya mwenye bodaboda au mashua anayeweza kuitwa usiku, na uifunge simu kwenye mfuko usiopitisha maji. Acha jiko la nyumbani likiwa na kuni au mkaa, maana mwiba ukiingia mguuni, sufuria ya maji ya moto itahitajika kabla ya kitu kingine chochote.